Kumfundisha Mwalimu wa Baiolojia Kazi ya Mikono

Ukipata wasaa wa kusimama alasiri moja katika soko la Igoma, pale daladala zinapoteremsha abiria watokao mjini Mwanza kabla hazijageuza au kushika njia ya Kisesa na Magu, utaona mezani na juu ya magunia karibu kila kitu ambacho mwalimu wa baiolojia angekihitaji kwa muhula mzima: vitunguu maji, viazi vitamu vibichi na vilivyokaushwa, sato na dagaa, ndizi mbivu, maharage, mayai, siki, nyembe na hata rangi ya kucha. Na si mbali na hapo, katika shule hii au ile ambayo hapana haja ya kuitaja, yupo mwalimu mwenye shahada ya somo hilo, anayechora seli ya kitunguu ubaoni kwa mkono mzuri na kuieleza kwa ufasaha, ilhali yeye mwenyewe tangu azaliwe hajapata kuubandua utando wa kitunguu akauweka chini ya hadubini.

Mwongozo huu nakuandikia wewe uliyepewa dhamana ya kumfundisha mwalimu huyo, ama u mkufunzi wa chuo, ama afisa elimu kata, ama mkuu wa idara ya sayansi uliyeombwa na wenzako kuongoza mafunzo kazini ya siku tano katika likizo ya Juni. Sikufundishi baiolojia, kwani hiyo waijua. Nataka kukuonyesha namna ya kuitoa haya mikononi mwa mtu mzima, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo shina la kazi yote, nalo sijaliona likiandikwa katika ratiba ya semina yoyote niliyopata kuhudhuria.

Haya hiyo haikuzuka bure. Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kuufanya mtihani mbadala wa vitendo, ambao mtahiniwa aliujibu kwa kalamu, akieleza rangi ambazo hajaziona na harufu ambazo hazijamfika puani. Na wengi waliofaulu hivyo ndio waliokwenda vyuoni, wakarudi wakiwa walimu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zikaenea upesi kuliko walimu na vifaa. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na wananchi wakachangishwa fedha, mawe na mchanga hadi vyumba vikasimama. Ni jambo la kushukuriwa. Walakini chumba chenye meza za zege na sinki lisilotoa maji hakimfundishi mtu kushika koleo, na mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba hicho, akijua moyoni kwamba wanafunzi wake wakiuliza swali la pili atakwama, aghalabu huuweka ufunguo ule mahali ambapo hautaonekana kwa wepesi.

Basi neno la kwanza la mwongozo wangu ni hili: wiki moja kabla ya mafunzo nenda mwenyewe shuleni mtakapokutania, uombe ufunguo, ufungue makabati. Usikubali orodha iliyoandikwa ofisini. Orodha itakwambia zipo hadubini tano. Macho yako ndiyo yatakayokwambia kwamba mbili zimo sandukuni na karatasi za kiwandani hazijatolewa, ya tatu imeota ukungu ndani ya lenzi, ya nne haina kioo cha chini, na ya tano ndiyo nzima. Nilifika siku moja katika shule ambayo chupa zote za dawa zilikuwa zimejaa, na nikafurahi, mpaka nilipotambua kwamba vibandiko vimeliwa na mende na hakuna aliyejua kipi ni kipi. Tukafanya mafunzo ya siku tatu kwa iodini ya duka la dawa na siki ya dukani, na sikujuta. Andika kilichopo kizima, kisha pangia hicho, si kile kilichoahidiwa.

Usialike wengi. Ukiwa na hadubini nne, walimu ishirini watosha, na wakizidi hapo utakuwa umeandaa mkutano. Tena angalia sana namna unavyowapanga, kwa kuwa jambo hili lina adabu zake. Mwalimu mkongwe, anayeitwa Mzee au Mama na wenzake wote, hatathubutu kukosea mbele ya kijana aliyekuwa mwanafunzi wake juzi, naye kijana hatathubutu kumsahihisha. Ukiwaketisha pamoja, mmoja atajifanya anajua na mwingine atajifanya hajaona. Waketishe wakongwe na wakongwe, vijana na vijana, hata siku ya tatu, ambapo kila mtu atakuwa amekwisha kumwaga kitu na kuvunja kitu, ndipo uwachanganye. Na ili usiwaache wasubiri mno, kosea wewe kwanza. Weka kifuniko cha slaidi vibaya mbele yao, waonyeshe kilichoharibika, sema wazi kwamba umekosea, uanze tena. Kitendo hicho hakikugharimu ila fahari kidogo, nacho huwalegeza mabega kuliko hotuba yoyote ya ufunguzi.

Siku ya kwanza iwe ya hadubini peke yake, na asubuhi yake yote iwe ya kitunguu. Kila mmoja apewe kipande chake cha kitunguu, wembe wake na kioo chake, maana pakiwa na kitunguu kimoja kwa watu watano, mmoja atakata na wanne watasifu. Wembe uzungushiwe plasta upande mmoja kabla haujagawiwa. Onyesha mara moja tu, polepole na bila maneno mengi. Bandua ganda moja nene la ndani, livunje kuelekea nje, na kwa ncha ya koleo uvute ule utando mwembamba uliobaki upande wa ndani, unaong'aa kama karatasi iliyolowa mafuta. Utandaze upesi juu ya tone la maji katikati ya slaidi, kwani ukikawia hewani utajikunja, na atakayeukunjua kwa kucha atakuwa ameuchana. Kisha chukua kifuniko, ambacho hakiangushwi kama sahani mezani, bali husimamishwa ukingo mmoja ndani ya maji na kulazwa taratibu kwa ncha ya sindano, ili maji yaisukume hewa itoke.

Watakaokilaza kwa pupa watapata viputo, na hapo ndipo litakapopatikana somo la kweli: waache wachore wanachokiona. Nimeliona zaidi ya mara moja, mtu mzima mwenye shahada akichora kwa uangalifu mkubwa duara lenye ukingo mweusi mnene na katikati ing'aayo, akaandika pembeni yake neno seli. Usicheke, wala usiruhusu mtu acheke. Mwambie akiguse kifuniko kidogo kwa ncha ya penseli huku akitazama. Lile duara litabonyea na kubadili umbo, ilhali seli zenyewe, zilizopangwa mstari juu ya mstari kama matofali, hata zikisogea zitasogea pamoja na umbo lake lile lile. Kisha tia tone la iodini ukingoni mwa kifuniko, na upande wa pili uweke kipande cha karatasi ya shashi kiyanywe maji, rangi ifuate. Baada ya muda mfupi katika kila tofali kitajitokeza kitone kilichokolea manjano, nacho ndicho kiini. Kwa kawaida chumba hunyamaza hapo. Nyamaza nao.

Kaida za chombo chenyewe hazizidi tano, na nakuomba usizigawe kwa karatasi bali uzirudie kwa vitendo hadi ziwe mazoea. Hadubini hubebwa kama mtoto mchanga, mkono mmoja ukiishika shingo na mwingine ukiikalisha. Kutazama huanza na lenzi fupi, iliyo dhaifu kuliko zote, hata kama mtazamaji ana haraka ya kuona makubwa. Jukwaa na lenzi hukaribishwa mtu akitazama kwa ubavuni, kisha huachanishwa akitazama kwa juu, kwa kuwa mwenye kuvikaribisha huku jicho liko kwenye tundu atasikia mlio wa kioo kabla hajaona lolote, na lenzi ya mara 40 ikichubuka haina dawa. Kioo cha chini huelekezwa kwenye mwanga wa mbingu au ukuta mweupe, katu si kwenye jua lenyewe, ambalo laweza kuliunguza jicho. Na lenzi haifutwi kwa ncha ya kanga wala kwa leso iliyotoka mfukoni, kwani vumbi la barabara ya Musoma ni mchanga, na mchanga hukwaruza. Mimi huzipenda zaidi hadubini za kioo kuliko zile za taa, na sababu yake kila aliyefundisha Tanzania anaijua: umeme ukikatika saa nne asubuhi, kioo kinaendelea na kazi.

Siku ya pili ingieni katika kupima vyakula, ambavyo mtihani wa vitendo wa kidato cha nne huvipenda sana, na ambavyo kwa sababu hiyo hufundishwa kama dua ya kukariri: iodini kwa wanga, Benedict kwa sukari, Biuret kwa protini, Sudan III kwa mafuta, na rangi zake. Ivunje dua hiyo. Waeleze kwamba Benedict na Biuret vyote viwili vina mrututu ndani, ile chumvi ya buluu waliyoijua wazee kwa kuchomea vidonda, na kwamba ni sumu isiyofaa kuonjwa wala kumwagwa ovyo. Kisha uwape jambo la kubishania ambalo kitabu hakina jibu lake.

Mimi huwapa michembe na matobolwa. Hapana Msukuma asiyevijua, na wageni waliopangiwa kazi huku kutoka Mtwara au Tanga hujifunza upesi: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Twanga kila kimoja mbali mbali, pima vijiko sawa, loweka katika maji baridi yaliyo sawa, chuja kwa kitambaa safi. Kabla ya kuwasha moto kila mwalimu aandike katika daftari lake ni kipi kitakachokoleza zaidi rangi ya Benedict, na kwa nini. Wala asiruhusiwe kufuta. Kisha maji ya michembe na maji ya matobolwa yatiwe katika neli mbili, kiasi sawa, na Benedict kiasi sawa, zote zitumbukizwe katika sufuria moja ya maji yanayochemka kwa dakika tano, na watu watazame buluu inavyoingia kijani, kisha manjano, kisha rangi ya chungwa, na pengine wekundu wa tofali. Hapo mjadala utaanza wenyewe. Katika kiazi kitamu kimo kimeng'enya ambacho, joto linapopanda wakati wa kupika, huukata wanga kuwa sukari iitwayo maltosi, nayo ni katika sukari zinazoigeuza Benedict. Lakini kiazi kibichi nacho hakikosi sukari zake, basi usitazamie neli moja ibaki buluu tupu na nyingine iwake moto. Tofauti itakuwa ya kukolea, na kukolea hakuonekani ila kwa aliyepima sawasawa. Atakayepata kinyume cha wenzake usimwambie amekosea. Mwulize alitia vijiko vingapi.

Pana kosa moja la siku hiyo ambalo lastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa hata walimu wazoefu hulifanya. Katika kuipima sukari ya kawaida, ile ya chai, ambayo haibadilishi Benedict mpaka kwanza ichemshwe na asidi, watu huchemsha na asidi vizuri, kisha hutia Benedict papo hapo na kustaajabu kwamba rangi haikuja. Benedict haifanyi kazi ndani ya asidi. Sharti asidi iuawe kwanza kwa magadi soda, yatiwe kidogo kidogo mpaka povu likome. Povu hilo hurukia juu ukitia kwa wingi, basi neli isijazwe zaidi ya robo.

Kadhalika usishangae, wala usiitupe pimajoto, ikiwa maji yatachemka nayo ikasimama kwenye 96. Kitabu kinasema nyuzi 100, nacho ni kweli kwa watu wa pwani. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya bahari, na katika kimo hicho maji huchemka mapema. Nimemwona mwalimu akiwaamrisha wanafunzi waandike 100 ilhali mbele yao chombo kinasoma vingine. Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko kuvunja neli kumi.

Sasa neno la hadhari, nalo nitalisema bila kulipamba. Katika jaribio la kuutafuta wanga ndani ya jani, jani huchemshwa kwanza katika maji, kisha hutiwa katika spiriti ya moto ili rangi yake ya kijani itoke, na ndipo iodini huonyesha buluu nyeusi. Spiriti haiwekwi juu ya moto, kamwe. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu aliweka kopo la spiriti juu ya jiko la mafuta ya taa, mvuke wake ukashuka mezani kama maji yasiyoonekana, na moto ukaufuata. Aliungua mkono, pazia likateketea, na maabara ikafungwa hadi tulipomaliza shule. Njia iliyo salama ni nyepesi mno: chemsha maji, zima moto kabisa, uhakikishe umezimika, ndipo utumbukize neli yenye spiriti na jani ndani ya maji hayo ya moto. Spiriti huchemka karibu nyuzi 78, na maji yaliyoipuliwa sasa hivi yanazo za kutosha. Katika mafunzo kila mwalimu na afanye mwenyewe, akitamka kwa sauti maneno haya mawili, moto umezimwa, kabla hajashika chupa. Watajiona watoto. Wakubali.

Siku ya tatu nenda sokoni alfajiri, au mtume mwenye jicho, ukanunue sato wazima na vichwa vya sangara, na kama wapo mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa, nayo yanunue, kwani baada ya kuchemshwa na kusafishwa hutoa uti wa mgongo mzuri wa kufundishia kuliko picha yoyote. Watu wa Mwanza wana maarifa ya viungo vya samaki ambayo shule haiyatumii. Mwulize mchuuzi bondo ni nini, atakuonyesha bila kusita ule mfuko wa hewa wa sangara unaonunuliwa kwa bei kubwa na kusafirishwa hadi China. Lakini mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu samaki anaeleaje, atakutajia kwa Kiingereza jina la kiungo ambacho shangazi yake hukiuza kila siku, wala hajui kwamba ni kile kile.

Katika samaki yapo mengi, lakini mimi ningeitumia asubuhi nzima kwenye matamvua. Mlaze sato ubavu, ingiza mkasi chini ya kifuniko cha shavu, ukate kufuata mzingo wake hadi kifuniko kiondoke chote. Yatatokea matao manne, moja nyuma ya jingine, mekundu ikiwa samaki ni wa leo na ya kahawia ikiwa mchuuzi amekudanganya. Kata tao moja juu na chini, litoe zima. Liweke kwenye kiganja: utaona kishungi cha nyuzi zilizogandana kama nywele zilizolowa. Sasa litumbukize katika bakuli la maji meupe, na palepale nyuzi zile zitaachana na kutanda kila mmoja peke yake kama nyuzi za unyoya. Litoe, zinagandana, lirudishe, zinatanda. Mwalimu aliyelifanya hilo mara tatu kwa mkono wake hahitaji tena kukariri kwa nini samaki aliyezungukwa na hewa tele hufa kwa kukosa hewa. Upande wa pili wa tao, ule unaoelekea kinywani, aupitishe ncha ya kidole: vijino vinavyokwaruza hapo huchuja chakula, na katika sangara alaye samaki wenzake vitakuwa na umbo jingine. Hapo pana nafasi ya kuwakumbusha kwamba sangara si mwenyeji wa ziwa hili, aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kwamba furu wa aina mamia waliokuwamo walipungua vibaya katika miaka ya 1980 alipozidi, jambo ambalo wataalamu wa Kiholanzi waliokuwa wakiwachunguza furu hapa Mwanza tangu 1977 walilishuhudia kwa macho yao. Ukitaka msaada wa samaki, Nyegezi si mbali, na wakufunzi wa uvuvi waliopo huko wanajua kisu kuliko sisi. Samaki aliyepasuliwa maabarani haendi chunguni, hata akiwa mzuri namna gani. Nalisema kwa sababu nimeona mfuko ukiandaliwa.

Kuhusu konokono na kichocho nakusihi uwe na busara mara mbili. Hakuna somo linalowahusu watoto wa kandokando ya ziwa kuliko hili, kwa kuwa kichocho cha tumbo kimekaa ufukweni na kile cha mkojo kimeenea zaidi bara, kwenye madimbwi na majaruba. Na hakuna somo rahisi kuliko hili kumwambukiza mtu kwa jina la elimu. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi nzima ya mtu aliyeingia majini, wala hahisi. Basi usiwapeleke walimu kuingia ziwani, na uwaonye kwa ukali wasije wakawapeleka wanafunzi. Atakayeokota aokote kwa upawa wenye mpini mrefu, amevaa mabuti na glavu za mpira, akiwa nchi kavu. Mimi hutosheka na makombe matupu yaliyokauka. Shika kombe, ncha yake ikitazama juu na mdomo wake ukikutazama wewe: mdomo ukiwa kushoto, huenda ni Bulinus, mwenye kukibeba kichocho cha mkojo, na kombe likiwa bapa, limejiviringa kama kamba iliyozungushwa juu ya sakafu, huenda ni Biomphalaria, mwenye kukibeba kile cha tumbo. Kuwatazama konokono hai wakitoa vijidudu juani ni kazi ya watu wenye vifaa na uzoefu, nao tunao mjini kwetu, katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Waandikie barua mapema, uombe mtaalamu mmoja kwa saa mbili.

Mengine yaliyobaki kwa siku ya nne nitayapitia upesi, kwa kuwa hayana ugumu. Matundu ya kupumulia ya jani huonekana kwa kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, kuiacha ikauke, kuibandua kwa utepe wa gundi na kuitazama. Gugu maji, lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwatesa wavuvi, lina kikonyo kilichovimba ambacho ukikikata kwa wembe utaona vyumba vya hewa hata bila lenzi. Maharage yaoteshwe siku sita kabla, juu ya pamba, la sivyo mtaangalia maharage yaliyolala.

Kuhusu lugha nina rai ambayo si wote wataipenda. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na ripoti ya jaribio sharti iandikwe kwa Kiingereza, maadam mtihani ndivyo unavyotaka. Lakini watu walioinama juu ya meza moja wakitafuta sababu ya rangi kukataa kutokea na waachwe waseme Kiswahili. Nimesikiliza makundi yote mawili. Kundi lililolazimishwa Kiingereza husema sentensi nzuri na kuafikiana haraka. Lililoachiwa Kiswahili hubishana, huchekana, humwambia mwenzao hebu ngoja kwanza, na kurudia kupima. Mchana wakiandika ripoti, Kiingereza kitapata haki yake.

Siku ya tano usihutubu, wala usimwalike mgeni rasmi ila ukishurutishwa, na akija apewe kitunguu na wembe kama wengine. Siku hiyo kila mwalimu aandae jaribio moja peke yake tangu mwanzo, kwa vitu alivyonunua mwenyewe sokoni kwa fedha kidogo utakayompa, na awafundishe wenzake wa meza yake kwa dakika arobaini huku wao wakifanya, si yeye akifanya. Utamtambua aliyeiva kwa alama moja: mikono yake iko nyuma yake. Ambaye bado ataona mwenzake anababaika, atamnyang'anya koleo amfanyie. Mtoe kando kwa upole, umwambie akae na mikono mgongoni, aanze tena.

Taratibu za Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambazo wengi tumezizoea kwa jina la MEWAKA, hutaka walimu wa somo moja wakutane mara kwa mara shuleni kwao au katika kundi la shule za jirani. Zitumie, maana siku tano haziwezi kushinda miaka kumi na mitano ya chaki. Cheti usikitoe siku ya mwisho. Kitoe baada ya kumtembelea mwalimu katika darasa lake mwenyewe, ndani ya wiki nne za muhula, na kuwaona wanafunzi wake, si yeye, wakiushika utando wa kitunguu. Basi kabla hamjaagana, daladala hazijajaa, keti na kila mmoja wao na daftari lako, uandike jina la shule, siku, kipindi na saa utakayofika. Na siku hiyo ikifika, iwe mvua iwe jua, nenda.